Mapokezi ya Temeke

Wachache waliobaki wa kuikumbuka fainali ile husema nilikuwa na uchu wa mpira. Si kweli. Mpira niliuweza tangu utoto, kwa sababu nililelewa na kaka yangu na hakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye, lakini kuuweza si kuupenda. Niliingia uwanjani kwa sababu moja tu. Palikuwa na nyumba Temeke ambayo nilikatazwa kuikaribia, ndani yake alikuwamo binti yangu, na kombe ndilo lililokuwa ruhusa pekee niliyoiona ya kuingia humo.

Kaka yangu alikuwa seremala Keko. Yeye alitengeneza vitanda, mimi nilijaza magodoro ya sufi na kuyashona, na hata nilipoolewa sikuiacha kazi ile, maana mshahara wa mume wangu wa bandarini ulikuwa na mikono mingi ya kuupokea kabla haujafika kwangu. Sufi ni laini kwa mwenye kuilalia. Kwa mwenye kuijaza inaingia puani, machoni na kifuani, na haitoki. Mwaka wa tatu wa ndoa nikaanza kukohoa, nikatema damu, daktari akaniweka katika wodi ya wagonjwa wa kifua kwa miezi minane. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema. Mama mkwe akamchukua, na hapo simlaumu, maana nani mwingine angemchukua?

Talaka ilinikuta kitandani. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, ikaletwa na mjomba wake mume wangu, ambaye alisimama mlangoni mwa wodi na leso mdomoni akamtuma mwuguzi aniletee. Niliisoma mara moja nikaitia chini ya mto. Sikuililia sana, maana tulikuwa tumeshachokana hata kabla ya kikohozi. Nilijua tu kwamba tangu saa ile nyumba aliyokuwamo mwanangu si nyumba yangu tena.

Nilipotoka, daktari alisema nimepona. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakanywa kahawa, wakaamua mtoto abaki kwa bibi yake mpaka kifua changu kitulie kabisa, na kwamba mpaka siku hiyo nisimkaribie, nisije nikamwambukiza. Hakuna aliyeuliza nani atakayesema kwamba kimetulia. Kila nilipopeleka salamu kwamba sasa mimi ni mzima, jibu lilirudi kwa adabu kwamba bado mapema, nisubiri kidogo. Nikasubiri mwaka. Nikasubiri miwili. Yule bwana akaoa mke mwingine, mwanamke wa watu wa heshima, na kina mama sokoni wakaniambia, pasipo kuulizwa, kwamba mtoto anamwita mama na kwamba wanapendana sana.

Nilijaribu njia zangu. Nilijifunika buibui nikaenda kusimama karibu na bomba walilokuwa wakichota maji, na mara mbili nilimwona, kakopo kichwani, akitembea nyuma ya wakubwa. Mara ya pili mama mkwe alinitambua kwa mwendo. Alikuja mpaka niliposimama na hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, unajua tulivyokubaliana. Usinifanye nikuitie watu." Nilirudi Keko kwa miguu, na njia nzima nilitamani angenitukana. Mtu akikutukana unapata cha kumjibu. Akikufukuza kwa upole unabaki umesimama tu na aibu yako.

Basi huyu mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi la ngoma ya lelemama la Temeke. Na sisi wa Keko tulikuwa na kundi letu, likiongozwa na mama mmoja mnene, muuza samaki wa kukaanga, ambaye sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Makundi haya mawili yalishindana kwa kila kitu. Temeke wakishona sare moja, Keko tunashona mbili. Temeke wakichinja mbuzi, Keko tunachinja ng'ombe na kukaa na njaa mwezi mzima baadaye. Wakati ule wa Waingereza mwanamke wa uswahilini hakuwa na pahala pa kuonyesha kwamba naye ni mtu ila huko kwenye ngoma, na ndiyo maana tulizichukulia kwa uzito ambao wanaume hawakuuelewa.

Mpira ulianza kwa mzaha. Wanaume wa klabu moja ya mtaani walikuwa wameshinda kombe, wakatamba nalo hadi kwenye harusi tulikokuwa tunacheza, na mmoja wetu akasema hata sisi tungelipata kama kuna mtu wa kutupikia. Watu wakacheka, wakaendelea na harusi yao. Mkubwa wetu yeye hakucheka. Kesho yake akapeleka changamoto Temeke, na Temeke hawakuweza kuikataa, kwa sababu katika mambo yetu aliyekataa shindano ameshindwa tayari. Ilala na Kinondoni waliposikia wakaomba nao waingizwe. Tukawa makundi manne, mechi mbili, halafu fainali. Kombe lilitolewa na mke wa mwenye duka la kanga, mama wa Kihindi wa madhehebu ya Shia, ambaye tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akivuka kizingiti cha duka lake. Lilikuwa chombo cha maua cha shaba nyeupe, kina mikono miwili. Sharti lake lilikuwa awekewe kiti mbele.

Waume wengi walikataza. Wengine walicheka, na kicheko chao kilikuwa kibaya kuliko katazo. Wazee wa msikitini walisema maneno, na bibi zetu wakatuonya kwamba vizazi vitaanguka. Mwisho tukakubaliana kwamba uwanja utazungushwa makuti na maturubai, watazamaji wawe wanawake watupu, na kila mchezaji aje na kurudi ndani ya buibui. Refa alikuwa mke wa mwalimu mmoja kutoka bara, Mkristo, mwanamke mkavu asiyetabasamu, ambaye alikuwa amesoma kitabu cha sheria za mpira cha mumewe mpaka akakihifadhi. Mumewe ndiye aliyetuazima filimbi.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanachama asiyehudhuria. Niliposikia habari ya kombe sikuwaza mpira kabisa. Niliwaza mapokezi.

Katika ngoma zetu, walioshindwa ndio wanaopokea. Ijumaa inayofuata baada ya shindano, alasiri, washindi wanavaa sare na kwenda kwa maandamano hadi nyumbani kwa mkubwa wa walioshindwa. Huko wanakaribishwa ndani, wananawishwa mikono, wanalishwa, wanarashiwa marashi. Hakuna mshindi anayezuiwa mlangoni, awe nani, na ugomvi wa zamani hautajwi ndani ya nyumba ile siku ile. Desturi hiyo iliwekwa na waliotutangulia ili kushindwa kusizae visu. Nyumba iliyomfungia mlango mshindi mmoja ingesemwa mpaka Bagamoyo, na mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kufa kabla ya kusemwa.

Nikaenda kwa mkubwa wetu nikamwambia nataka kucheza. Alinitazama kifua. Akaniuliza kama nimepona, nikasema nimepona, akaniambia nikimbie kutoka kwenye karai lake la samaki mpaka kisimani na kurudi. Nilikimbia huku nimebana pumzi ili nisikohoe mbele yake, nikaenda kukohoa nyuma ya nyumba. Kisha akanipa mpira niupige, na baada ya hapo hakuuliza habari za kifua tena. Kaka yangu aligomba siku tatu, akasema nataka kujiua hadharani. Siku ya nne aliniletea kaptula yake ya zamani nivae chini ya kanga niliyoipiga ubinda, yaani kuipitisha katikati ya miguu na kuifunga nyuma.

Tuliwatoa Kinondoni bila taabu. Temeke wakawatoa Ilala, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba golikipa wa Temeke ni yule mke mpya. Alikuwa mrefu, mtulivu, mwenye mikono mirefu, na kila mpira uliokwenda kwake alikuwa akiupokea kana kwamba kapewa mtoto ashike. Nilikuwa nimekusudia kumchukia sawasawa. Nilimkodolea macho mchezo mzima nikitafuta la kumchukia, nikakosa, nikarudi nyumbani nimeudhika zaidi.

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka makuti yakasukumwa nje. Mama wa Kihindi alikaa kwenye kiti chake, kombe mapajani. Wanaume walikuwa nje wakijidai wanapita tu, na wengine wamepanda mikorosho, na kina mama wa Temeke waliwatupia maganda ya machungwa mpaka wakashuka. Mimi nilikuwa sioni lolote kati ya hayo. Nilikuwa nawatazama Temeke wanavyoingia, mmoja mmoja, na mwisho akaingia mama mkwe na mkeka kwapani, ameshika mkono wa mtoto mwenye gauni la njano. Wakatandika nyuma ya goli letu la kipindi cha kwanza.

Nilikuwa sijamwona kwa karibu namna ile tangu ana miaka miwili na kitu. Sasa anaelekea saba. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari, meno ya mbele yameng'oka, na alikuwa anamuuliza bibi yake maswali bila kupumzika, huku kidole kinaelekeza huku na huku. Masikio yalikuwa yangu. Filimbi ilipulizwa nami nimesimama tu, na mpira wa kwanza uliokuja kwangu ulinipita katikati ya miguu. Watu wakacheka sana.

Kipindi cha kwanza tulicheza vibaya na mimi ndiye niliyecheza vibaya kuliko wote. Temeke wakapata goli. Nilikimbia kila upande bila mpango, na kila nilipotaka kupumua kifua kilikuwa kinakataa kufunguka. Nilikuwa nimetia kipande cha tangawizi shavuni, nikikitafuna kuzuia kikohozi, na mate yalikuwa yakiniunguza koo. Ilipofika mapumziko nikaenda nyuma ya turubai, nikajifunika kanga mdomoni, nikakohoa mpaka nikapiga magoti. Nilipoinua kichwa, mkubwa wetu alikuwa amesimama mbele yangu. Aliichukua ile kanga kutoka mkononi mwangu, akaitazama kuona kama ina damu. Haikuwa na damu, lakini akasema natoka, ataingia mwingine, yeye hatambeba maiti kwa ajili ya chombo cha maua.

Nilimshika miguu. Sijawahi kumshika mtu miguu kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mama," nikamwambia, "ile nyumba mwanangu yumo. Tukishinda Ijumaa nitaingia. Tusiposhinda sina tena pa kuingilia. Niache nicheze, nikifa uwanjani kaka yangu atanizika."

Alikuwa hajui. Keko nzima ilijua kwamba nimeachwa, lakini habari ya kukatazwa kumwona mtoto nilikuwa nimeificha, kwa sababu kuitaja ni kukiri kwamba kuna watu wanaoniona najisi. Kisha akanifunga ile kanga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza mpaka ikauma, akaniambia nisikimbie ovyo, nisimame karibu na goli lao, mipira nitaletewa.

Kipindi cha pili tukabadilishana upande, tukawa tunashambulia goli lile ambalo nyuma yake ulikuwa ule mkeka. Nilisimama hapo kama nilivyoambiwa, hatua chache tu kutoka kwa mwanangu, na nilikuwa namsikia. Alikuwa akishangilia. Kila golikipa alipodaka mpira, yeye alipiga makofi akisema, "Mama kaudaka, bibi, umeona?" Nilijiambia kwamba ni jina tu, watoto humwita mama yeyote anayewapa chakula. Nilijiambia hivyo labda mara kumi.

Mwenzetu wa winga ya kushoto, msichana aliyekuwa akifua nguo za watu, alitupatia goli la kusawazisha kwa mpira uliomgonga beki mgongoni. Sasa ilikuwa bao moja kwa moja, jua limeinama, na refa alikuwa ameanza kutazama saa ya mumewe. Nilijua kwamba ikiisha hivi itarudiwa juma lijalo, na juma lijalo kifua changu hakitanipa tena siku kama ile. Nilikuwa nahesabu pumzi zilizobaki.

Kona ikapigwa. Mpira ukaangukia katikati ya miguu ya watu, ukatoka, na golikipa akajitupa juu yake. Alijitupa vizuri, lakini mpira ulikuwa umelowa jasho na mchanga, ukamponyoka kidogo, akaukandamiza chini kwa mkono mmoja.

Kwa miaka mingi nilisema kwamba nilichokiona ni mpira tu. Niliwaambia hivyo wenzangu, nikamwambia kaka yangu, nikamwambia hata yule mke wa mwalimu aliponiuliza. Nilikiona kiganja chake. Kilikuwa juu ya mpira, vidole vimetanuka, na nilipata nafasi ya kutosha ya kurudisha mguu nyuma na kuacha. Nikapiga vyote viwili kwa pamoja.

Mpira ukaingia. Refa alikuwa upande wa mgongo wake, akaona mpira wavuni, akapuliza. Wenzangu wakaniangukia, nikawa chini ya lundo la kanga na viwiko, nikikohoa, nikicheka, nikilia, na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Nilipoinuliwa, wanawake wa Temeke walikuwa wamemzunguka golikipa wao aliyepiga magoti, na nyuma ya goli mkeka ulikuwa mtupu. Sikuutilia maanani. Mama wa Kihindi alimkabidhi mkubwa wetu kombe kwa mikono miwili, na sote tukaimba.

Kesho yake tukasikia kwamba vidole viwili vimevunjika. Mkubwa wetu alinijia, akaniuliza kama ningependa Ijumaa nibaki nyumbani, watu wapoe kwanza. Nilimtazama mpaka akaondoka. Lakini kusema nilikuwa na raha itakuwa uongo. Nililala vibaya, na kila nikifumba macho kile kiganja kilikuwa pale pale, halafu nikajipa moyo kwamba mwenye vidole yumo katika nyumba iliyomshika mtoto wangu miaka minne, na vidole vinapona. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Siyapendi hayo leo, lakini ndiyo niliyoyafikiri.

Siku zile nilimshonea mtoto kimto kidogo cha kitambaa chenye maua, nikakijaza sufi nzuri niliyoichambua mbegu moja moja. Alhamisi nikakumbuka kwamba sufi ndiyo iliyonitia ugonjwa, na kwamba bibi yake angekichukua kwa ncha za vidole na kukitupa jalalani. Nikampa binti wa jirani. Kaka yangu aliniambia niende mikono mitupu na mdomo uliofungwa. "Dada, ukisema neno moja tu kule, umewapa sababu ya miaka mingine minne," alisema. Nikamwahidi. Nilitaka kumwona tu, na labda anisalimie, nisikie anavyosema shikamoo.

Ijumaa tukatoka Keko baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa katika sare ya kanga nyekundu, kombe limebebwa mbele, upatu unalia, na njia nzima hadi Temeke watu walitoka vibarazani kutuona. Ni mambo yale yale waliyokuwa wakiyatukana mwezi mmoja nyuma. Wanaume waliosema tumepotea walikuwa sasa wanamwambia mtu wa pembeni kwamba yule wa pili ni jirani yao. Mimi nilikuwa nyuma, naimba nisichokijua. Tulipofika kwenye kona ya nyumba ile tukanyamaza, kama inavyotakiwa, tukapanga mstari.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amevaa vizuri, anampa mkono kila mmoja. Mstari ulikuwa unasogea. Nilifika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Hakuuachia mkono wangu. Alinisogeza kando kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake mkono umefungwa, hawezi kushika kitu, kwa hiyo atakayenawisha wageni ni mtoto. Ningeweza kumweka mtu mwingine. Nenda ukakae mwisho wa mkeka, umtazame vizuri. Ila usimwambie kitu leo. Baadaye tutazungumza, mie na wewe."

Kwa miaka minne nilikuwa nimemwita mwanamke huyu majina ambayo siwezi kuyaandika, na sasa alikuwa ananipa kwa mkono wake kile nilichokuja kukichukua kwa nguvu. Nilimbusu mkono, nikaingia.

Chumba kilikuwa kimetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani. Masinia ya pilau yakaletwa yakiwa yamefunikwa, watu wakaongea habari za jua na za bei ya samaki, kwa ile adabu nzito ya walioshindwa na ile adabu nzito zaidi ya walioshinda. Yule mke mpya, mwenye nyumba sasa, akaja akasimama kwenye mlango wa uani, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji nene mpaka kwenye kifundo. Alitupa salamu wote. Akaniangalia kama anavyowaangalia wengine, na nilijua kwamba anajua mimi ni nani.

Kisha mtoto akaingia. Alikuwa na birika mkono mmoja na beseni mkono wa pili, taulo begani, amekaza midomo kwa uangalifu asimwage maji. Alianzia upande wa kombe. Kwa kila mgeni alipiga goti, akasema shikamoo, akamimina, akatoa taulo, na kina mama wakamsifu, mtoto ana adabu huyu, kafunzwa huyu. Sauti ilikuwa na kile kithembe cha meno yaliyong'oka. Nilihesabu wageni waliobaki kati yake na mimi. Sita. Watano. Nilikunjua mikono yangu, nikaiweka tayari juu ya magoti, nikaishikanisha. Wawili. Mmoja. Nilikuwa nasikia harufu ya mafuta ya nazi kichwani mwake.

Alipiga goti mbele yangu, akainua uso ili asalimie, akanitambua.

Hakusalimia. Alinitazama, akatazama mguu wangu wa kulia uliokuwa nje ya kanga, akanitazama tena.

"Wewe ndiye uliyempiga mama yangu mkono," akasema. "Nilikuona. Mama alilia."

Ugomvi wa zamani hautajwi katika mapokezi, lakini yeye hakuwa anajua desturi, na huu haukuwa wa zamani.

Mke mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni, taratibu, "Mnawishe mgeni, mwanangu. Ulikuwa mchezo tu."

"Simnawishi," akasema. Akaweka birika chini, akaweka beseni, vyote viwili kwa uangalifu, maji yasimwagike, akaondoka.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Mama yako ni mimi. Hayakuwa mengi, na baada ya hayo wasingeweza kuyarudisha ndani tena, hata wazee wote wa Temeke na Keko wakikusanyika. Nilifungua mdomo. Nikamwona amefika kwa yule mwanamke, anashika ule mkono mzima kwa mikono yake miwili, na nikajua kwamba nikisema sasa, mama nitakayempa ni yule aliyemvunja mama yake vidole kwa kukusudia. Nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo, na nimezika watu wengi tangu wakati ule.

Mama mkwe alivuka mkeka, akainama kwa taabu, akachukua birika akaninawisha yeye mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, akanipangusa. Sinia likafunuliwa. Mgeni asiyekula siku ile anamtukana mwenyeji, basi nikanyoosha mkono, nikala, tonge baada ya tonge, huku binti yangu ananitazama kutoka nyuma ya mama yake.